Mstari wa Mheshimiwa Kiboko

Haya, wa karibu na wa mbali, mpo?

— Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Na midomo?

— Tumeifunga.

Mnasema uongo, lakini naanza hivyo hivyo. Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa na bonde. Bondeni pakawa na lambo. Lambo likawa na mwenyewe. Na kila nikimtia mwenyewe majini, ninyi mseme chubwi. Tujaribu. Mwenyewe akaingia majini.

— Chubwi.

Zamoyoni, wewe umesema chubwi kama mtu aliyedondosha kijiko kwenye ndoo. Mwenyewe ni kiboko, mama. Tena.

— Chubwi!

Huyo ndiye.

Basi zamani, si zamani sana, maana kulikuwa tayari na fomu za kujaza, Bonde la Vikokoto lilikuwa na mjumbe wake katika Baraza la Nyika. Mjumbe huyo alikuwa Kiboko. Kwenye fomu aliandikwa Mheshimiwa Kiboko, lakini yeye mwenyewe alipenda kuitwa Tingatinga.

Mara ya kwanza Kiboko aliomba kura kwa upole. Siku hizo wanyama walipiga kura kwa kokoto. Kila mgombea aliwekewa kibuyu nyuma ya jamvi. Unaingia peke yako, unatia kokoto kwenye kibuyu cha umpendaye, unatoka, hakuna aliyekuona. Kiboko alisema, "Nipeni kokoto zenu, mimi nitawapa maji." Wakampa. Kisha wakachimba lambo. Fuko alichimba, Ngiri alichimba, Tembo alisomba udongo, na Kiboko alisimama kivulini akiwapa moyo. Mvua ikanyesha, lambo likajaa. Siku ya uzinduzi Mheshimiwa akasema ni vizuri kiongozi apime kina mwenyewe. Akaingia majini.

— Chubwi.

Hakutoka. Wakamwuliza, "Mheshimiwa, vipi?" Akajibu, "Napima." Akapima miaka mitano.

Mara ya pili Nungunungu alichukua fomu ya kugombea. Kiboko akamwambia, "Ndugu yangu, na miba yako hiyo fomu itatoboka njiani. Nipe nikupelekee." Nungunungu akashukuru, akampa. Fomu haikufika, na Kiboko akapita bila kupingwa. Akarudi lamboni, akaingia majini.

— Chubwi.

Mara ya tatu aligombea Kobe. Saa ya kuhesabu, kibuyu cha Kobe kilikutwa kimekuwa chapati, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa amechoka na kuketi kidogo. Akashinda. Lakini alipoinuka aliona kitu kikamtia baridi: kokoto zilizomwagika kutoka kwenye kile kibuyu zilikuwa rundo. Rundo hasa. Akajiuliza ni nani hao. Asubuhi wote walimwitikia Tingatinga, na mchana wakampa Kobe.

Hapo ndipo Kiboko alipokwenda Barazani akasema neno, la kwanza katika miaka kumi. Alisema, "Mimi nataka kuwaona watu wangu." Akapeleka sheria. Sheria ilisema vibuyu basi. Kila mpiga kura atasimama nyuma ya mgombea wake, kwenye mstari, mchana kweupe. Mgombea hatabanduka mbele ya mstari wake. Filimbi ikilia, anayehesabiwa ni aliye kwenye mstari, na hakuna rufaa. Wajumbe wengine walikuwa na malambo yao huko kwao. Wakapiga meza, pa pa pa, sheria ikapita.

Akarudi, akazungushia lambo miiba, akaacha mlango mmoja. Mlangoni akalala yeye. Kunywa ikawa hivi: unakuja na mzigo wa majani mabichi, unauweka mbele ya mdomo wake, unasema "Tingatinga," ndipo anasogea upite. Wenye majani walikunywa. Wasio na majani walitembea siku mbili hadi mtoni.

Sasa, juu ya bonde kulikuwa na majabali, na majabalini waliishi pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene kidogo, meno mawili mbele, mkia hana kabisa. Huko juu majani hayaoti. Na Pimbi mmoja, mwanamke mwenye maneno machache, alikuwa na mama yake mzee ambaye siku mbili za kutembea hakuziweza tena, hata siku moja hakuiweza. Alikunywa umande ulioshika kwenye mwamba alfajiri. Kiangazi kilipokolea, umande ukakatika. Kila asubuhi mama aliuliza, "Maji yamefika?" na kila asubuhi Pimbi alijibu, "Bado, mama." Ilimuuma. Kuna asubuhi alijibu kisha akaenda nyuma ya jabali akalia, akarudi akiwa amejifuta.

Uchaguzi wa nne ulipotangazwa, Pimbi akachukua fomu. Akaijaza mwenyewe, akaipeleka mwenyewe.

Akaanza kampeni. Akaenda kwa Ngiri.

"Ndugu Ngiri, lambo ulichimba wewe. Nipe kura tulifungue."

Ngiri akatazama kushoto, akatazama kulia. "Dada Pimbi, moyo wangu uko kwako. Lakini nikisimama nyuma yako nitaonekana. Kesho nitakunywa wapi?"

Akaenda kwa Kanga.

"Mama Kanga, lambo lilichimbwa kwa ajili ya wote. Nipe kura tulifungue."

Kanga akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mwenzangu, moyo wangu uko kwako. Lakini nikisimama nyuma yako nitaonekana, mimi na vifaranga wangu kumi na wanne. Kesho tutakunywa wapi?"

Akaenda kwa Swala. Nisiwachoshe, mnajua alichosema Swala.

— Kesho nitakunywa wapi?

Na kabla ya hapo?

— Moyo wangu uko kwako.

Naam. Bonde zima moyo wake ulikuwa kwa Pimbi, na miguu yake ilikuwa kwa Kiboko.

Pimbi akarudi majabalini amenyong'onyea. Mama yake akamsikia kwa hatua tu.

"Umekosa kura?"

"Kura ninazo, mama. Wote wananitaka. Wanachokosa ni kisingizio."

"Basi watafutie."

"Nitakitoa wapi?"

"Wewe Kiboko unamchukia," mama akasema, "na mtu akimchukia mwenzake hamtazami. Nenda ukamtazame."

Pimbi akaenda akajibanza juu ya jiwe, nje ya ile miiba, akamtazama Kiboko siku tatu. Mwanzo aliona kile tunachokiona sote: mgongo, masikio, pua. Na Yangeyange. Yangeyange, yule ndege mweupe pe, alikuwa wakala wa Mheshimiwa. Kazi yake ilikuwa kusimama mgongoni, kutazama nyuma na kutoa habari, maana Kiboko shingo yake ilivyo nene haigeuki. Kazi yake nyingine ilikuwa kumsifu.

Siku ya kwanza Yangeyange alisema, "Mheshimiwa umenenepa vizuri." Kiboko akatabasamu, na huko nyuma kimkia chake kikacheza: pata, pata. Mavi yakaruka hatua mbili. Ndiyo, nimesema mavi. Kiboko ndivyo alivyoumbwa. Akijisikia mkubwa, mkia unapiga na mavi yanatapakaa, na yeye hana habari, kwa sababu furaha yake iko mbele na mambo mengine yako nyuma.

Siku ya pili Yangeyange alisema, "Mheshimiwa, Barazani hakuna kama wewe." Pata pata pata. Hatua tano.

Siku ya tatu Yangeyange alisema, "Mheshimiwa, mama yako alizaa." Patapatapatapata, pyaa. Mti wa mgunga uliokuwa hatua kumi na mbili ukageuka rangi.

Pimbi akashuka kwenye jiwe taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze alicheka peke yake.

Siku ya uchaguzi ikafika. Uwanja ukafagiliwa. Msimamizi alikuwa Korongo, mwenye miguu mirefu, kitabu kwapani, filimbi shingoni. Akachora mistari miwili kwa kucha yake. Mbele ya mmoja akamweka Kiboko, mbele ya mwingine, upande upepo unakotokea, akamweka Pimbi.

"Wapiga kura," akasema, "simameni nyuma ya mmtakaye."

Lo, mstari wa Kiboko. Ulianza pale alipo, ukapita uwanja, ukapita kichuguu, ukakunja kona. Na walikuwa wanasukumana kuwa mbele, maana kila mmoja alitaka Yangeyange amwone vizuri. Ngiri alikuwa wa kwanza, pua yake karibu iguse mkia wa Mheshimiwa. Wa pili Fisi, wa tatu Swala, wa nne Kanga na vifaranga wake wote. Yangeyange juu mgongoni alikuwa anataja majina: "Ngiri yupo, Mheshimiwa. Kanga yupo. Swala yupo."

"Vizuri," akasema Kiboko. "Na kule?"

"Kule wapo pimbi kumi na mmoja na Kobe."

"Kobe," akasema Kiboko. "Haya."

Pimbi hakugeuka. Alijua walioko nyuma yake bila kuwatazama. Akafikiria mwamba mkavu na mama yake akiulamba, akapiga moyo konde.

Korongo akasema, "Kabla ya filimbi, kila mgombea ana neno la mwisho. Mheshimiwa?"

"Mnanijua," akasema Kiboko. Basi. Hotuba yake yote ndiyo hiyo.

"Mgombea Pimbi?"

Pimbi akapanda juu ya kijiwe, akasafisha koo. "Ndugu zangu, mimi neno langu ni kumshukuru Mheshimiwa."

Nyuma yake Kobe akatoa kichwa chote nje ya ganda. Pimbi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Amenunuliwa."

"Tazameni mwili huo," akasema Pimbi. "Nani bondeni ana mwili kama huo?"

Kiboko akatabasamu. Pata, pata. Ngiri akafumba macho na kubana pua. Hakusogea.

"Tazameni kazi yake. Lambo hili amelikalia miaka kumi na mitano. Kuna mjumbe mwingine aliyekaa na mradi wake usiku na mchana, asitoke hata kidogo?"

Na hilo, wapenzi, lilikuwa kweli tupu. Kiboko akavimba kichwa. Pata pata pata. Swala akarudi nyuma kidogo. Kanga akafunika vifaranga kwa mabawa. Yangeyange akainua mguu mmoja akautazama.

"Tazameni akili yake. Sheria hii ya mstari ni yake. Bila yeye leo tusingesimama hapa tulivyosimama."

Patapatapata. Ngiri sasa alikuwa hatamaniki. Lakini bado alisimama, maskini, kila akifikiria lambo miguu inaganda.

Pimbi akavuta pumzi. "Na mimi nasema, ndugu zangu, tusimsifu mwana tukamsahau aliyemleta. Mama yake Mheshimiwa alizaa. Wanawake wengine tunazaa watoto. Yule mama alizaa mlima."

Kiboko akafumba macho kwa raha. Chozi likamtoka, mimi siwafichi. Akajiona yuko juu ya bonde lote, na wote wamesimama nyuma yake. Na huko nyuma: patapatapatapata, pyaa, pyaa, pyaa.

Aliyempenda zaidi ndiye aliyepata zaidi. Waliosukumana kuwa mbele walipata fungu la mbele. Yangeyange, yule mweupe pe, alitazama kifua chake mara moja, akaruka juu, akaenda zake bila kuaga. Hakuna aliyemwona tena bondeni mwaka ule.

Na hapo Ngiri akasema kwa sauti, asikike na kila mtu, "Mimi simkimbii Mheshimiwa. Mimi naenda kujifuta." Akatoka. Akatazama pa kwenda. Pasafi palikuwa mahali pamoja tu, upande upepo unakotokea, nyuma ya Pimbi. Akaenda akasimama huko.

Kanga akasema, "Mimi simkimbii Mheshimiwa. Nawaosha watoto." Akaenda, na kumi na wanne nyuma yake.

Swala akasema?

— Mimi simkimbii Mheshimiwa!

Swala alisema hivyo akiwa ameshafika. Hata wa kule kona, ambao halikuwafikia hata tone, walisema wamepata kwenye jicho. Walipita mbio, vumbi likitimka, kila mmoja akieleza kwamba hakimbii. Nadhani walifurahi. Walikuwa na miaka mingi wakisubiri kitu cha kukimbia.

Korongo akapuliza filimbi. Priii.

Kiboko akafumbua macho. Mbele yake kulikuwa na meza ya Korongo, kitabu, na anga. Shingo haigeuki. "Anza na wangu," akasema, "ni wengi, usije ukachoka."

Korongo akaenda nyuma yake, akahesabu. "Mmoja."

"Endelea."

"Nimemaliza."

Alikuwa Fisi. Fisi alikuwa amesimama pale pale, ametulia. Walipomwuliza baadaye alisema yeye hakuona tatizo lolote.

Kisha Korongo akahesabu mstari wa Pimbi. Akahesabu, akageuza ukurasa, akahesabu, akageuza ukurasa, jua likapanda, akaomba kalamu nyingine.

Kiboko akajigeuza mwili mzima, taratibu kama anavyogeuka, akawaona. Ikawa ndiyo mara yake ya kwanza kuwaona watu wake wote kwa pamoja, kama alivyotaka.

"Hawa walifukuzwa," akasema.

"Na nani?" akauliza Korongo.

Korongo akashika kalamu.

"Mheshimiwa, niandike hapa, walifukuzwa na nini? Cha nani?"

Kiboko akamtazama Fisi. Fisi akatazama chini. Korongo akafungua kitabu, akasoma sheria kwa sauti ile ile anayosomea kila kitu: anayehesabiwa ni aliye kwenye mstari, na hakuna rufaa. Na chini yake sahihi, unyayo mmoja mkubwa wenye vidole vinne.

Ndivyo Kiboko alivyomwaga unga. Akaanza safari ya mtoni, Fisi nyuma yake, siku mbili kwa wengine, kwake yeye sita. Walioko njiani wanasema alipumzika mara nyingi, na kila alipopumzika alimwuliza Fisi kama wanafuatwa. Akafika mtoni, akaingia majini.

— Chubwi.

Na huko palikuwa na viboko wengine arobaini, kwa hiyo hakuna aliyesikia.

Siku ile ile miiba ikaondolewa. Pimbi hakungoja kuapishwa. Alichovya kifuu cha buyu lamboni, akapanda nacho majabalini, akatembea kama mtu aliyebeba yai. Mama alisikia hatua.

"Maji yamefika?"

Pimbi akapiga magoti. Akamwekea kifuu mdomoni. Mama akanywa, akapumua, akanywa tena, akasema, "Yana tope," akamaliza yote.

Kuanzia kesho yake wageni wakaanza kuja majabalini. Ngiri akaja kwanza. "Mheshimiwa," akasema, "mimi nilikuwa na wewe tangu mwanzo."

"Najua," akasema Pimbi.

Kanga akaja. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa na wewe tangu mwanzo."

"Najua."

Swala akaja. Hata Fisi alirudi kutoka mtoni akaja. Mwezi ulipoisha, bondeni hapakuwa na mnyama hata mmoja aliyewahi kusimama nyuma ya Kiboko. Pimbi aliwaitikia wote, wakanywa wote. Lakini jioni moja alijikuta anakaa mlangoni pa lambo, pale pale palipokuwa na mdomo wa Kiboko, anawatazama wanaokunywa, na kimoyomoyo anasema: huyu alikuwa wangu, huyu hakuwa, huyu alikuja wa mwisho. Aliposhtuka alikuwa ameshafika wa tisini. Akaogopa. Akaondoka pale haraka.

Barazani alipopewa nafasi ya kusema, alisimama juu ya kiti, maana kiti kilikuwa cha Kiboko na ukikaa huonekani. Akaomba sheria ya mstari ifutwe, vibuyu virudi.

Mwenyekiti akashangaa. "Mheshimiwa Pimbi, mstari ndio uliokuleta hapa. Kwa nini uufute?"

"Kwa sababu nimewaona walioko nyuma yangu," akasema Pimbi, "na siwezi kuwasahau."

Wajumbe wakacheka sana. Sheria ikabaki.

Mimi hapo ndipo ninapotua mzigo. Fundisho la hadithi yetu ni kwamba mpiga kura ni mtu wa busara: husoma ilani, hupima sera, hulinganisha wagombea, kisha huamua kwa utulivu, asitishwe na mtu wala kusukumwa na chochote. Mmesikia?

— Tumesikia.

Zamoyoni, unacheka nini? Na wewe mwaka jana ulisimama wapi?

— Mimi? Mimi nilikuwa na yule aliyeshinda, tangu mwanzo.

Najua, mama. Haya, aliyenipa hadithi nimemrudishia. Atakayeitaka aende akaombe kwake. Tumemaliza?

— Tumemaliza.